Alinenepa, wakasema amepona: kisa cha skizofrenia, olanzapini na mafuta ya damu

Kijana wa miaka 27 anayetumia dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili, alifika kituo cha afya usiku akilalamikia tumbo. Alirudishwa nyumbani akiwa amechomwa sindano ya kumtuliza. Siku ya pili yake alilazwa hospitali ya mkoa kwa uvimbe mkali wa kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, na damu yake ilipotulia kwenye kichupa ilijitenga juu tabaka jeupe zito, mithili ya tui la kwanza la nazi.

Kati ya siku alipoanza olanzapini, dawa aliyokuwa akiitumia wakati huo, na usiku ule ilipita miezi 9, na katika miezi hiyo kila aliyemwona alifurahi. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kusomwa taratibu. Jina, mji, kazi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa.

Alikotoka

Ugonjwa ulianza akiwa na miaka 22, mwanafunzi wa chuo. Alisikia sauti zikimjadili, akaacha kulala, akaamini kwamba majirani wamemwekea nyoka tumboni. Familia ilizunguka kwa waganga na kwenye maombi karibu miezi 7 kabla ya kufika hospitali.

Dawa ya kwanza ilikuwa haloperidoli, mg 10 kwa siku. Sauti zilipungua, lakini siku ya tatu shingo ilipinda na macho yakageukia juu. Alitibiwa, akaongezewa benzheksoli, dawa ya kuzuia mkakamao huo, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Artane. Hofu ya siku ile haikumtoka. Aliacha dawa mara mbili, na mara zote ugonjwa ulirudi. Mara ya pili alipotea nyumbani siku 12, akapatikana mji mwingine akiwa na majeraha miguuni.

Alipofika miaka 26 alianzishiwa olanzapini: mg 10 usiku, mg 15 baada ya wiki 2, mg 20 kufikia wiki ya 6. Uamuzi huo haukuwa kosa, na hilo lisemwe wazi kwa sababu baada ya madhara kutokea ni rahisi kuilaumu dawa. Ilimfaa. Ndani ya miezi miwili sauti zilinyamaza, akaanza tena kusaidia duka la familia, akalala usiku. Hakukakamaa shingo. Kwa mtu aliyekwisha kuacha dawa mara mbili kwa hofu, hayo ni mafanikio makubwa.

Yalikuwepo mambo matatu ambayo hayakuandikwa kwenye faili siku ile, na yote yangepatikana kwa maswali ya dakika 5. Baba yake alifariki ghafla akiwa na miaka 49, familia ikasema "moyo". Mjomba wake upande wa mama ana kisukari. Naye mwenyewe alivuta sigara karibu 10 kwa siku.

Miezi ya kunawiri

Siku ya kuanza olanzapini alikuwa na kilo 58 kwa urefu wa sentimita 171, yaani uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 19.8. Mwezi wa 3 muuguzi mmoja alimpima kwa hiari yake: kilo 68. Kwenye faili paliandikwa, "Ameongezeka uzito, anaendelea vizuri." Uzito uliofuata kuandikwa ni wa siku aliyolazwa, mwezi wa 9: kilo 79.

Nyumbani hali ilisomwa hivyo hivyo. Mtu aliyekonda kwa ugonjwa sasa anakula, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Watu walimpongeza mama: mwanao amenawiri, dawa zimemkubali. Kijana aliamka saa 8 za usiku akitafuta chakula, na mama, aliyemwona akikataa kula kwa miezi kwa kuhofia sumu, alimwachia chapati na wali kwenye hotipoti. Vidonge vilimezwa kila usiku kwa soda, kwa sababu hapo zamani soda ndiyo ilikuwa njia ya kumbembeleza anywe dawa. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, kama vijiko 9 vya chai. Hakuna mtu kliniki aliyewahi kuuliza dawa inamezwa na kinywaji gani.

Mizani ilikuwepo, upande wa pili wa korido, kliniki ya mama na mtoto.

Usiku wa tumbo

Maumivu yalianza jioni baada ya kula, juu ya kitovu, yakipenya hadi mgongoni. Alitapika mara 3. Akilala chali yalizidi, akiinama mbele yalipungua kidogo. Dada yake alimpeleka kituo cha afya saa 4 usiku.

Faili la kituo lilikuwa na maandishi ya miaka iliyopita: "anaamini ana nyoka tumboni". Aliposema tumbo linawaka moto, sentensi ile ya zamani ndiyo iliyosikika. Dada alijaribu kueleza: "Sauti hazijarudi, nesi. Usiku analala vizuri. Hili ni tumbo kweli." Akajibiwa, "Dada, hawa tumbo lao huanzia kichwani." Mapigo ya moyo yalipimwa yakaandikwa, 112 kwa dakika, wala hayakuzungumziwa. Tumbo halikuguswa. Alichomwa haloperidoli mg 5 na promethazini mg 25, akapewa omeprazoli kwa dhana ya vidonda vya tumbo, akaruhusiwa.

Siku iliyofuata aliendelea kutapika, midomo ikakauka. Jioni dada alikodi bajaji hadi hospitali ya mkoa.

Maabara

Hapa kuna mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko wote. Mteknolojia wa maabara alipoona seramu imegeuka maziwa, angeweza kuandika "sampuli haifai" na kuirudisha. Badala yake alipiga simu wodini: "Damu hii ina mafuta mengi mno. Pimeni trigliseridi na lipezi, msitegemee amilezi peke yake." Trigliseridi ni aina ya mafuta ya damu; lipezi na amilezi ni vimeng'enya vya kongosho. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa: trigliseridi zikiwa juu sana, huweza kuvuruga kipimo cha amilezi kikaonekana cha kawaida wakati kongosho linaungua.

Majibu yalikuwa haya. Trigliseridi 16.4 mmol/l (takriban mg 1,450 kwa desilita, kiwango kinachotakiwa ni chini ya 1.7 mmol/l). Lehemu (kolesteroli) jumla 8.1. HDL, ile lehemu nzuri, 0.7. LDL, ile lehemu mbaya, haikuhesabika, kwa sababu kanuni ya kawaida ya kuikokotoa haifai trigliseridi zikishapita 4.5. Lipezi ilikuwa zaidi ya mara 10 ya kikomo cha juu. Amilezi ilipanda kidogo tu. Sukari 14.2 mmol/l na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa wiki zilizopita) asilimia 8.4, maana yake kisukari kilikuwepo kwa wiki nyingi. Sodiamu ilisoma 129, chini ya kawaida, lakini timu ilitambua kwamba mafuta yanapochukua nafasi kwenye seramu baadhi ya mashine husoma sodiamu pungufu isiyo ya kweli. Hakupewa maji ya chumvi kali ya kuirekebisha, na siku ya tatu namba ilirudi yenyewe.

Picha ya ultrasaundi ilionyesha kongosho lililovimba na ini lenye mafuta, bila mawe kwenye nyongo. Hanywi pombe, dada na mama walisema hivyo kila mmoja kwa wakati wake. Homoni ya tezi ya shingo, protini kwenye mkojo na kipimo cha VVU vilifanyika ili kuondoa sababu nyingine za mafuta kupanda, na vyote havikuwa na tatizo. Mzunguko wa kiuno: sentimita 98, uliopimwa kwa futikamba ya fundi cherehani.

Maamuzi wodini, na hoja zake

Kongosho kwanza. Alipewa Ringa laktati kwa dripu, dawa ya maumivu, na kuzuiwa kula kwa muda mfupi. Kwa kuwa sukari nayo ilikuwa juu, insulini ilifanya kazi mbili: kushusha sukari, na kuamsha kimeng'enya cha lipoprotini lipezi kinachovunja trigliseridi. Ilianzishwa uniti 4 kwa saa (karibu 0.05 kwa kila kilo), baada ya kuhakikisha potasiamu si ya chini. Sukari ilipimwa kila saa, na iliposhuka chini ya 11 dripu ya glukosi asilimia 5 iliongezwa ili insulini iendelee bila kumwangusha. Trigliseridi zilikuwa 9.0 baada ya siku 2 na 5.2 siku ya 4, insulini ya mshipa ikasimamishwa. Alianza kula uji mwepesi usio na maziwa, karanga wala sukari.

Mjadala mzito ulihusu olanzapini. Daktari wa magonjwa ya ndani alitaka isimamishwe siku hiyo hiyo. Daktari wa afya ya akili alikumbusha yaliyotokea mara mbili dawa zilipokatika. Wote wawili walikuwa na haki, na jambo zuri ni kwamba walikaa meza moja badala ya kuandikiana kwenye faili.

Kilichofungua mlango ni sigara. Moshi wa sigara, si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kinachoivunja olanzapini. Mvutaji anahitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, kama alivyolazimika wodini, kiwango cha dawa ile ile hupanda mwilini ndani ya siku chache. Kwa hiyo kushusha kutoka mg 20 hadi mg 10 hakukuwa kumnyang'anya nusu ya kinga yake. Walishusha siku ya kwanza.

Dawa mbadala zilipimwa moja moja. Haloperidoli ina athari ndogo kwenye mafuta ya damu, lakini kijana asingeimeza, na dawa isiyomezwa haimtibu mtu. Risperidoni inapatikana kwa urahisi na ni nafuu kuliko olanzapini kwa upande wa mafuta, ila nayo hunenepesha. Aripiprazoli ndiyo yenye athari ndogo zaidi kati ya zilizokuwepo. Tatizo lake ni bei, na kutotulia kwa mwili ambako humfanya mgonjwa ashindwe kukaa. Kabla ya kuiandika, mfamasia alithibitisha kwamba ipo dukani mwa hospitali na kwamba bima ya familia inailipia. Hatua hiyo ingeachwa, mpango wote ungekufa mwezi wa pili.

Ilianzishwa siku ya 4: mg 5 asubuhi, mg 10 kuanzia siku ya 11, mg 15 wiki ya 3. Haikuharakishwa kwa sababu nusu ya dawa hii huchukua karibu saa 75 kutoka mwilini, na huhitaji wiki 2 kutulia kwenye damu. Anayeongeza dozi kila baada ya siku 2 hajui anapima dozi ipi. Olanzapini ilishushwa hadi mg 5 wiki ya 2, ikakomeshwa mwisho wa wiki ya 4.

Pamoja na hayo: fenofibrati mg 160 kwa siku kwa ajili ya trigliseridi, na metformini, dawa ya kisukari, mg 500 mara moja baada ya chakula, ikipandishwa kila wiki hadi mg 1,000 asubuhi na jioni, baada ya figo kuonekana nzima. Hakupewa statini, dawa za kushusha lehemu, siku zile. Trigliseridi zikiwa kiwango hicho, kazi ya kwanza ni kulinda kongosho.

Matokeo

Alitoka siku ya 8. Wiki ya 3 ndiyo iliyokaribia kuharibu kila kitu: hakulala, alitembea sebuleni usiku kucha, miguu haikutulia. Mama aliamini ugonjwa umerudi. Dada alipiga simu kliniki kama alivyoelekezwa, akaulizwa maswali mawili: je, anasikia sauti, na je, yeye mwenyewe anasema nini juu ya miguu yake? Sauti hazikuwepo. Alisema miguu "inamvuta". Huo ni usumbufu wa dawa. Wengi hapa huandika propranololi. Timu iliikwepa, kwa kuwa huweza kupandisha trigliseridi na kuficha dalili za sukari kushuka, ikarudisha aripiprazoli mg 10. Kukosa usingizi kulitokana pia na kupungua kwa olanzapini, inayolaza. Alipewa diazepamu mg 5 usiku kwa siku 7 tu. Wiki ya 5 alikuwa ametulia.

Miezi 3 baada ya kutoka: kilo 74, trigliseridi 2.9. Miezi 6: kilo 71, trigliseridi 2.1, HDL 0.9, LDL 3.4, HbA1c asilimia 6.3 akiwa bado kwenye metformini. Ugonjwa wa akili haujarudi. Mwezi wa 6 fenofibrati ilisimamishwa na statini iitwayo atovastatini mg 20 ikaanzishwa, kwa kuwa sasa hatari iliyobaki ni ya mishipa ya moyo: kisukari, sigara, LDL ya 3.4, na baba aliyefariki mapema. Sigara zimepungua hadi 4, hazijaisha.

Uchambuzi

*Ni ugonjwa au ni dawa?* Vyote viwili, pamoja na mwili aliozaliwa nao. Tafiti za watu wenye skizofrenia wanaougua kwa mara ya kwanza, kabla hawajameza dawa nyingi, zimekuta trigliseridi zao zikiwa juu kidogo kuliko za wenzao wazima, huku lehemu jumla na LDL zikiwa chini kidogo, na miili yao ikiwa tayari inaipuuza insulini kwa kiasi. Olanzapini na klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, huja juu ya hayo. Zinaziba vipokezi vya histamini na vya serotonini vinavyomwambia mtu ameshiba. Zinadhoofisha kazi ya insulini. Ini nalo linamwaga mafuta mengi zaidi kwenye damu wakati uvunjaji wake umelegea. Ndiyo sababu trigliseridi huweza kuruka mapema, kabla mtu hajanenepa sana, na ndiyo sababu kumwambia mgonjwa "jitahidi ule kidogo" hakufiki popote. Breki ya shibe imelegezwa na dawa. Kwa kijana huyu hatutajua kamwe ni kiasi gani kilikuwepo mwanzo, kwa sababu hakuna aliyepima.

*Namba iliyodanganya.* Mwezi wa 3 alikuwa na kilo 68 na BMI ya 23.3. Hiyo inaitwa kawaida kwenye kila chati ya ukutani. Lakini alikuwa ameongeza kilo 10 juu ya 58, asilimia 17 katika wiki 12. Kwa wanaotumia dawa hizi kengele hupigwa kwenye asilimia 7 ya uzito wa kuanzia. Kwake yeye ni kilo 4, yaani pale alipogusa 62. Aliyekonda kwa ugonjwa ndiye anayefichwa zaidi na BMI, kwa sababu ana safari ndefu kabla chati haijamwona. Andika uzito wa siku ya kwanza juu ya jalada la faili, na pembeni yake uandike uzito wa kengele.

*Ratiba ilikuwepo.* Tangu 2004 vyama vya Marekani vya kisukari na vya madaktari wa akili vilikubaliana: uzito siku ya kwanza, wiki ya 4, ya 8, ya 12, kisha kila miezi 3, presha, sukari na mafuta ya damu siku ya kwanza na wiki ya 12. Sukari na presha hurudiwa kila mwaka. Kwa mafuta waliandika kila miaka 5, na kwa anayetumia olanzapini au klozapini hiyo ni mbali mno. Kila mwaka ndiyo kiwango cha chini tunachokitetea. Pasipo fedha za kipimo kamili, trigliseridi na sukari vichukuliwe kwa pamoja wiki ya 12. Mgonjwa afunge kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji anywe. Kipimo kimoja cha wiki ya 12 kingemkamata kijana huyu miezi 6 kabla ya kongosho.

Wala tatizo hili si la nchi zenye vituo vichache peke yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATIE, uliotolewa mwaka 2005 ukiwa na wagonjwa 1,493, ulikuta kwamba kati ya waliokuwa na mafuta mabaya ya damu wakati wa kuandikishwa, 88 kwa kila 100 hawakuwa wakitibiwa mafuta hayo. Mashine za kupimia walikuwa nazo.

*Kituo cha afya.* Kosa la usiku ule halikuwa kukosa lipezi. Kituo cha ngazi ile hakina. Lilikuwa kuacha kugusa tumbo la mtu mwenye mapigo 112 anayetapika. Nyoka wa zamani tumboni alifanya maumivu mapya yasikike kama hadithi ile ile. Tofauti ilikuwa mikononi mwa dada: analala, anakula, anafanya kazi, sauti hazipo. Imani isiyo ya kweli haiji peke yake kwa usiku mmoja ikiwa na matapishi. Haloperidoli aliyochomwa ilimpumbaza na kuchelewesha safari ya pili kwa takriban siku nzima.

*Kilichofaulu.* Simu ya maabara. Madaktari wawili kukaa pamoja. Kuhakikisha bima kabla ya kuandika dawa. Dada kujua namba ya kupiga na maswali atakayoulizwa. Na chakula kilibadilishwa kwa vitu vichache vinavyowezekana: soda ya dawa ikawa maji, hotipoti ya saa 8 usiku ikawa tango, karoti au embe bichi, ugali ukabaki, kipande cha ngumi moja, na nusu ya sahani ikajazwa mchicha au kisamvu kisichotiwa tui. Mama alikubali jambo moja kwa shida, kwamba mwanawe kupungua kilo si kurudi kwenye ugonjwa. Ilibidi aonyeshwe karatasi za damu mbili, ya 16.4 na ya 2.9, zikiwa kando kwa kando.

*Kilichobaki wazi.* Trigliseridi za 16 hazimpati kila anyweshwaye olanzapini, hata mg 20. Familia yenye kifo cha moyo kwenye miaka 49 na kisukari upande wa pili inaelekea ina urithi wake wa mafuta. Dada, mwenye miaka 33, asiye na ugonjwa wowote wa akili na asiyetumia dawa yoyote, alishauriwa apime. Alifunga usiku, akapima asubuhi: trigliseridi 3.1. Ameanza kliniki yake mwenyewe.